Minyoo hawakuja kututibu moyo

Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu zetu hapa Pemba. Mimi umenifikia mara tatu, na mara ya mwisho aliyenitumia ni shemeji yangu wa Konde, mtu ambaye kwa kawaida hana pupa ya kusambaza mambo. Msemaji ana sauti ya kujiamini. Anasema wataalamu wamegundua kwamba protini za minyoo hupanda juu ya mafuta yaliyomo katika damu ya binadamu, kwamba mwenye minyoo huwa na lehemu (kolesteroli) kidogo kuliko asiye nao, na kwamba tangu tulipoanza kumezeshwa vidonge vya kichocho na matende nyumba kwa nyumba, presha na sukari vimetapakaa. Hitimisho lenyewe halisemi. Analiacha lining'inie: "Basi mjue wenyewe."

Ubaya wa ujumbe huu ni kwamba nusu yake ni kweli, na uongo uliosindikizwa na ukweli hupokewa sebuleni. Ni kweli protini za minyoo hukutwa zimeambatana na chembe zinazobeba mafuta katika damu. Ni kweli pia kwamba katika tafiti kadhaa, za panya na za watu, wenye kichocho wamekutwa na lehemu ya chini. Lakini kutoka hapo hadi kuvitilia shaka vidonge ni mruko ambao hata tumbili wa msitu wa Ngezi asingeuthubutu. Mimi nayasoma mambo hayo kinyume kabisa na bwana yule. Mafuta ya damu yetu ndiyo chakula cha mnyoo na ndiyo guo lake la kujifichia, na jambo hilo linatuhusu Wazanzibari leo kuliko jana, kwa sababu tumefika pale ambapo kichocho kimebaki kidogo na kazi iliyobaki ni kumtafuta mtu mmoja mmoja. Ukimtafuta aliyejificha, huna budi kujua amevaa nini.

Tuanze na mafuta yenyewe. Aliyewahi kukuna nazi anajua kwamba mafuta na maji havikai pamoja kwa hiari. Liache tui kwenye bakuli, ukirudi baada ya muda utakuta kasimele imepanda juu na maji yamebaki chini. Jambo hilo likitokea ndani ya mshipa wa damu, mtu hana maisha. Kwa hiyo utumbo na ini huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo mno: ndani ni lehemu na mafuta mengine, nje ni utando mwembamba unaokubaliana na maji, na juu ya utando huo zimekaa protini. Vifurushi hivyo ndivyo vinavyoitwa lipoprotini, na majina yake tunayakuta kwenye karatasi za hospitali: LDL na HDL. Tofauti yake ni uzito. Penye mafuta mengi na protini chache chembe huwa nyepesi na huelea, na penye protini nyingi huwa nzito. Ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga chembe 1,000 za LDL mstari mmoja hazifiki nusu ya unene wa unywele.

Lugha ya kliniki imetuzoesha kuiita LDL "mafuta mabaya" na HDL "mafuta mazuri". Kwa mshauri mwenye dakika tano za kuzungumza na mgonjwa, si kosa. Lakini ndiyo lugha iliyotuponza, kwani inamfanya mtu adhani LDL ni uchafu, na chochote kinachoipunguza ni msafishaji. Chembe hizi ni vyombo vya safari, mfano wa majahazi. Kila chombo kina nahodha, protini inayojua bandari ya kushusha, na seli za mwili zina vipokezi vinavyomtambua nahodha huyo na kukifungulia chombo mlango. Tena jahazi halichukui mzigo mmoja. Juu ya HDL zimehesabiwa protini za aina nyingi, na nyingine hazina kazi yoyote na mafuta, ni za kinga na za kugandisha damu.

Mfano mmoja unatugusa. Wazee wa Unguja wanakumbuka nagana, maradhi ya ng'ombe yaletwayo na mbung'o, na wanakumbuka ndege zilizokuwa zikimwaga mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi juu ya msitu wa Jozani na kwengineko, mpaka mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Miongoni mwa vijidudu vya jamii hiyo, bara, yumo Trypanosoma brucei brucei, ambaye huwaumiza wanyama lakini kwa binadamu hafui dafu. Sababu imekaa juu ya jahazi la mafuta. HDL ya binadamu imebeba protini iitwayo APOL1. Kijidudu huimeza chembe ile akidhani amepata riziki, na ile protini humtoboa kutoka ndani. Kazi iliyoonesha kwamba APOL1 ndiyo muuaji ilichapishwa mwaka 2003. Nimeutaja mfano huu makusudi: chembe ya mafuta ni uwanja wa vita. Sisi tunapakia silaha juu yake, na adui naye ana sababu ya kupanda.

Adui wetu hapa ni mnyoo wa kichocho, Schistosoma haematobium. Ana urefu wa sentimita moja hadi mbili, jike amekumbatiwa ndani ya mfereji wa mwili wa dume, na wote wawili wameweka makao katika vena zinazozunguka kibofu, miaka 3 hadi 5 kwa kawaida, na wengine huzidi 10. Hakai kwenye utumbo kama walivyo minyoo tuliowazoea. Anaishi ndani ya damu yenyewe, mahali ambapo askari wa mwili hupita mchana na usiku. Na ana upungufu mkubwa: hawezi kujitengenezea asidi za mafuta wala lehemu. Viwanda hivyo hana. Mnyoo jike anayetaga mayai kila siku kwa miaka anahitaji mafuta mengi ya kujengea utando, na yote hana budi kuyatoa kwa mwenyeji wake. Hapo ndipo ilipo asili ya ile lehemu ya chini inayosifiwa kwenye simu. Sisemi kwamba ndiyo sababu pekee, kwani ini lililosumbuliwa na kinga iliyochokozwa navyo vina sehemu yao. Lakini mwizi akiondoka na gunia la karafuu, hakuna anayemshukuru kwa kukupunguzia mzigo ghalani.

Wizi ni nusu ya hadithi. Mwaka 1989 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wana wachanga wa mnyoo wa kichocho cha tumbo, ndugu wa huyu wa kibofu, waliowekwa pamoja na lipoprotini za damu ya binadamu. Chembe zilijipachika juu ya ngozi ya mnyoo, na zilipojipachika, kingamwili zilishindwa kuzifikia alama za mnyoo zilizokuwa chini yake. Kwa maneno mengine, alivaa kanzu yetu, akapita katikati ya askari wetu wakamwamkia. Wengine walikuwa wameshaonesha kabla ya hapo kwamba mnyoo huyu hujipaka hata alama za makundi ya damu ya mwenyeji wake. Ngozi yake ya nje ni tabaka mbili za utando wa mafuta, naye huivua na kuirudisha daima. Kinachovuliwa huingia katika mkondo wa damu. Baadhi ya protini za ngozi hiyo hazikushikwa na msumari. Zimeshikizwa kwa mkia mdogo wa mafuta uliochomekwa kwenye utando. Na mkia wa mafuta, ukishakatika na kuelea ndani ya maji, hutafuta mafuta mengine ya kujichomeka. Jahazi likipita, mzamiaji hupanda.

Wala kichocho si peke yake. Tegu wa mbwa anayesababisha uvimbe wa maji kwenye ini, Echinococcus granulosus, naye hawezi kutengeneza asidi za mafuta, na kile kivimbe chake hutoa kwa wingi protini iitwayo antijeni B ambayo ni lipoprotini yenyewe: imejaa mafuta, umbo lake linafanana na la manahodha wetu. Katika maabara, seli za kinga zikishapewa LDL au HDL kwanza, ile antijeni B hushindwa kujishika juu yake ipasavyo, maana yake inagombea mlango uleule. Mnyoo mkubwa wa tumbo, Ascaris, ambaye kila mzazi wa Pemba amewahi kumwona, ana protini yake ya kubeba asidi za mafuta isiyofanana na yoyote tuliyo nayo. Jamii mbalimbali za minyoo, ambazo ukoo wao uliachana zamani sana, zimefika kwenye hila ya aina moja. Jambo likirudiwa hivyo, si bahati nasibu.

Na kwa asiyeamini kwamba minyoo na mafuta vina uhusiano, matende yanatosha kuwa shahidi. Mnyoo wa matende hukaa katika mishipa ya limfu. Mishipa hiyo, mbali na kazi ya kinga, ndiyo njia ambayo mafuta ya chakula hupita kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Njia ikiharibika, kwa baadhi ya wagonjwa limfu huvujia kwenye mkojo, na mkojo hutoka mweupe kama maziwa. Niliuona mara moja nikiwa mdogo, kwenye chupa ya soda iliyowekwa juu ya dirisha la bibi mmoja jirani yetu aliyekuwa akingoja kupelekwa hospitali: mweupe kabisa, na ulipokwisha tulia ukajitenga, utando mzito juu na maji ya rangi ya chai chini. Tui la nazi, mtu atasema. Yale ni mafuta ya chakula chake yaliyokosa njia ya kwenda kwenye damu.

Sasa tuje kwenye hoja za watu. Ya bwana wa ujumbe wa sauti ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayosikilizwa, kwa hiyo tuimalize kwanza. Kama kuondoka kwa kichocho ndiko kulikoleta presha, basi pasipokuwa na kichocho cha kuondoka presha isingeongezeka. Kusini mwa Unguja ardhi ni maweni, maji hayakai juu, na konokono anayebeba kichocho hana pa kuishi. Watu wa Makunduchi hawakuwa na kichocho cha kupungukiwa. Nendeni mkawaulize kama hawana presha. Hata ule utafiti mkubwa ambao wapenzi wa minyoo huutaja, uliofanywa katika visiwa vya wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na kuchapishwa mwaka 2020, haukusema wanachosemeshwa. Pale vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikapewa dawa mara nyingi, vingine kwa kawaida. Walioshindiliwa dawa walikuwa na LDL iliyo juu kidogo, ni kweli. Lakini katika kipimo kikuu cha utafiti, yaani namna mwili unavyoitikia insulini, hapakuwa na tofauti baina ya makundi mawili. Na kichocho cha kule ni cha tumbo, mnyoo mwengine, makao mengine.

Na tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kichocho kinapunguza lehemu kwa kiasi cha maana. Unanunua nini, na kwa bei gani? Mayai yanayoshindwa kutoka hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuufanya mgumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu mwaka 1994 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Kwa wanawake mayai hujenga vidonda sehemu za siri, vidonda ambavyo mara nyingi hutibiwa kama maradhi ya zinaa huku mama wa watu akiaibishwa bure. Watoto hupoteza damu. Anayetaka kushusha lehemu apunguze chapati za samli na atembee kwa miguu kutoka Machomanne hadi Wawi; ikishindikana, dawa za lehemu zipo na zimejaribiwa kwa miaka mingi. Hakuna daktari anayeandika cheti cha minyoo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na wanaoisema ni watu ninaowaheshimu. Wanasema: hayo ya protini na chembe za mafuta ni anasa ya maabara, kichocho hutolewa kwa maji ya bomba, vyoo, kuua konokono na vidonge, na pesa zinazokwenda kwenye mashine za kuzungusha damu zingechimba visima. Sina jibu la kuipindua hoja hii kwa ujumla wake. Mtoto wa Kinyasini anayekatiza kijito kwenda skuli haambukizwi kwa kukosa elimu ya lipoprotini. Japani ilikimaliza kichocho chake zaidi kwa kuwaandama konokono na kuyajengea saruji mafereji ya mashamba kuliko kwa ujuzi wa damu. Lakini hoja hii inasahau tulipo sasa. Miaka ya 1980, ambapo katika skuli nyingi za Pemba zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa na kichocho, hukuhitaji kipimo chochote cha maana. Ungemuuliza mtoto kama mkojo wake una damu, akakwambia. Ukawagawia wote. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na tulifanya sawa. Nakumbuka tulivyopangwa mstari tukasimamishwa mmoja mmoja kwenye fimbo yenye alama, kimo chako ndicho kilichoamua idadi ya vidonge, na uchungu wa kile kidonge kikubwa ulibaki kooni mpaka adhuhuri.

Baada ya hapo ukaja mradi mkubwa wa kukatiza maambukizi visiwa vyote viwili, kuanzia 2012 hadi 2017, dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia kuliongezwa kuua konokono au elimu ya kubadili mazoea. Kichocho kilishuka sana. Hakikukatika. Kuna shehia ambazo kila ukidhani umemaliza, kinarudi, na pengo la zaidi ya mwaka bila ya kugawa dawa lilitosha kukipandisha tena. Kuanzia 2020 kaskazini mwa Pemba ukajaribiwa utaratibu mwengine: penye wagonjwa wengi dawa kwa wote iendelee, penye wachache sana, pima, tibu, kisha fuatilia nyumbani kwake na kwenye maji anayotumia, upime na kutibu tena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 nao unaruhusu njia ya pima-utibu pale ambapo walioambukizwa hawafiki asilimia 10. Huko ndiko tunakoelekea, na huko kipimo kinageuka kuwa mhimili. Ukigawa kwa wote, aliyekosewa na kipimo bado anapata kidonge. Ukipima kwanza, aliyekosewa anabaki na mnyoo wake, na konokono wa kijito cha jirani anangoja.

Kipimo chetu cha siku zote kinaangalia mlangoni. Mtoto hutoa mkojo baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 huchujwa, na mtaalamu huhesabu mayai kwa hadubini. Ni kipimo kizuri, rahisi, hakidanganyi kikisema ndiyo. Kikisema hapana ndipo penye shaka, kwani mwenye mnyoo mmoja wa kike anaweza kupitisha siku kadhaa bila yai kuonekana kwenye chupa yako. Zanzibar ilishashuhudia jambo hili: sampuli zilipopimwa kwa njia inayotafuta sukari inayotapikwa na mnyoo, ile iitwayo CAA, walioambukizwa wakatokea kuwa wengi mara kadhaa kuliko walioonekana kwa hadubini. Na angalieni kinachofanyika katika kipimo hicho kabla ya chochote: majimaji ya damu hutiwa tindikali ili protini zigande na kushuka chini, maana bila ya hivyo kinachotafutwa kimeng'ang'aniwa na vitu vingine. Sukari ile huvumilia tindikali. Protini haivumilii.

Hapa ndipo habari ya mzamiaji inapoacha kuwa anasa. Watu wengi wanatengeneza vipimo vya haraka vya kukamata protini za minyoo kwenye damu, vya tone moja la kidoleni. Kama protini unayoitafuta imejichomeka kwenye utando wa LDL, yawezekana upande wake unaotambuliwa na kingamwili ya kipimo umezama ndani ya mafuta, nawe utaandika "hana" kwa mtu anaye. Kuna na upande wa faida. Chembe za mafuta zinatengeka kwa uzito wake. Ukijua protini fulani husafiri na daraja fulani la chembe, unaweza kulitenga daraja hilo na kuikuta imekusanyika pahala pamoja badala ya kuitafuta kama sindano katika bahari ya protini za damu. Chanjo nazo zinaguswa. Ile ya kichocho iliyofika mbali kuliko zote katika majaribio, iliyojaribiwa kwa watoto wa Senegal na matokeo yake kutoka mwaka 2018, haikuwakinga. Brazil wao wamekwenda na protini iitwayo Sm14, ambayo kazi yake ndani ya mnyoo ni kubeba asidi za mafuta alizoziiba. Sijui kama itafaulu, lakini mantiki yake naipenda: kumpiga mnyoo pale asipoweza kujifanyia mwenyewe.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, barazani, baada ya wageni kuondoka. Sisi, watu husema, ni sampuli tu. Damu ya Pemba imezunguka dunia kuliko Wapemba. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imefanya kazi ambayo majarida makubwa ya tiba yameitegemea. Majaribio ya dawa mpya za minyoo yamefanywa kwa watu wetu na yakasomwa duniani kote. Lakini mashine ya kuzitenga chembe za mafuta, ile izungukayo kwa kasi ya kutisha kwa saa nyingi, na ile ya kuzisoma protini moja moja, ziko ng'ambo. Malalamiko haya siyaiti chuki kwa wageni. Nayaona ni swali halali la mgawanyo wa kazi, na jibu lake haliwezi kuwa kukataa kutoa damu, kwani anayekataa leo atanunua kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu wengine, wenye mnyoo mwengine na chakula chengine. Kuna kazi katika jambo hili ambayo haihitaji mashine ya ng'ambo, na hakuna wa kuifanya vizuri kuliko aliyeko hapa.

Nitatoa mfano wa kazi hiyo. Ukienda kuchukua damu skuli saa 4 asubuhi, watoto wameshakunywa chai ya maziwa na mandazi, wengine wamepitia muhogo wa nazi uliobaki jana. Hatuwezi kuwafungisha watoto wa kijijini kwa ajili ya utafiti, na tena dawa yenyewe hutakiwa imezwe baada ya kula. Ukizungusha mirija yao, mingi hutoka na majimaji ya manjano safi, lakini michache hutoka na majimaji meupe yenye ukungu. Kwa vipimo vingi vya kawaida mrija huo ni kero, kwa kuwa mwanga wa mashine haupiti sawasawa. Huandikwa kwamba una mafuta, huwekwa pembeni, na aghlabu mwisho wake ni ndoo ya taka. Ningependa kila mrija wa namna hiyo uandikiwe mtoto alikula nini na saa ngapi, yai lilionekana kwenye mkojo wake au halikuonekana, kisha ukungu ule wa juu, ambao ndio majahazi ya mafuta ambamo huenda mzamiaji amepanda, uvutwe taratibu kwa pipeti, uwekwe kwenye kichupa chake na kugandishwa peke yake.